Ukuta Niliounyoosha kwa Kompyuta

Kangemi, Nairobi
Alhamisi

Kwa Baba yangu, Fundi Athmani, Mambrui.

Assalaam alaykum. Shikamoo Baba. Natumai barua hii inakukuta u mzima, kifua kimetulia, na dawa ya presha bado unameza bila kusukumwa. Mimi huku ni mzima wa mwili. Baridi ya mwezi huu inauma, nguo nikifua zinakaa siku tatu kukauka, na jirani yangu ana redio isiyojua kunyamaza, lakini hayo ningekuambia kwa simu. Nimeandika kwa sababu simu ungeikata. Nakujua. Neno la tatu tu ungesema mtandao ni mbaya.

Siku ile ya Idd uliniagiza jambo mbele ya watu. Ulisema, "Waonyeshe hao wasanifu majengo wako nyumba yangu, kisha uniletee maneno yao yote, usipunguze hata moja." Nimewaonyesha. Maneno yao haya hapa, na ya kwangu nimeyatia juu yake. Tafuta mahali ukae kwanza.

Nikueleze mambo yanavyokwenda pale ofisini Hurlingham, maana najua unadhani kazi yangu ni kubonyeza kitufe. Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana, sisi tunaopiga picha za majengo tunakaa pamoja na wasanifu mbele ya ukuta mweupe, na picha zetu zinarushwa pale moja moja. Mwenye picha haruhusiwi kufungua mdomo mpaka wote wamalize. Kila mtu anasema kilichofaa, halafu kilichoharibika, halafu cha kufanya. Anayesema "nzuri" akanyamaza, huyo anakwenda kupika chai ya wote. Madam, mkubwa wetu, anasema "nzuri" ni adabu tu, na adabu tuiache nje. Miezi miwili ya mwanzo chai yote ya ofisi ile niliipika mimi.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya ghorofa mpya. Nilisimama karibu nayo nikaelekeza kamera juu, nikaona nimefanya maajabu. Madam alitazama kidogo akasema, "Umepiga anga. Jengo limepita tu kusalimia." Na Barasa, mchoraji wetu wa ramani, mtu wa Bungoma mwenye sauti ya upole na ulimi mkali, akasema, "Rukia, hii jengo yako imelewa. Inaegemea nyuma ni kama inatafuta kiti." Wakacheka wote. Sikulia pale. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi nikauliza nifanyeje. Barasa akanifundisha: kamera ikiinamishwa juu, kuta zote katika picha zinaegemea. Basi urudi nyuma, usimamishe kamera sawasawa, na ikishindikana utanyoosha mistari kwa kompyuta baadaye. Mwezi mzima nikawa nazunguka katikati ya jiji nikipiga majengo ya zamani, askari wa milangoni wakinifukuza kana kwamba nimekuja kuyaiba, mpaka nikajua kusimama.

Na nikajua kusema pia. Tena nikawapita. Alikuja binti mmoja mgeni kazini, Nekesa, akaleta picha ya vilima vya Ngong asubuhi ya ukungu. Nilimwambia hiyo ni picha ya mtu aliyeshuka garini akabonyeza akarudi ndani kwa kuogopa umande. Nikamwambia hata mbuzi wa pale angechagua mahali bora pa kusimama. Niliona midomo yake inatetemeka, nikaendelea. Jumatano iliyofuata hakuja, na iliyofuata hakuja. Nilifurahi, Baba. Umetaka ukweli, nami nakupa hata wa kwangu.

Madam aliniita. "Umesahau sehemu ya tatu," akasema. "Hukumwambia cha kufanya. Umemvunja tu, na kuvunja si kazi." Na Barasa tulipokuwa tunatoka akaniuliza, "Wewe hiyo mdomo ulifunzwa na nani?"

Nilikukumbuka wewe kwenye ule uwanja wa madrasa, siku Swaleh kaka yangu alipomaliza ukuta wake wa kwanza peke yake. Alikuwa mtu mzima, ana mke, na baba mkwe wake alikuwa amekuja kutazama. Uliuona umetoka upana wa kidole ungali barabarani, ukaweka timazi mara moja kuhakikisha, ile kamba yako yenye risasi, ukaupiga teke. Kazi ya siku mbili ikalala chini, na wewe ukasema, "Anza." Swaleh hakuanza. Aliosha mikono, akatafuta kibarua bandarini Lamu, na hajashika mwiko mpaka leo. Sisi tulikua tukidhani huo ndio ufundi.

Sasa nije kwenye nyumba yako. Unakumbuka Idd ile nilipiga picha nikiwa nimesimama kwa mwenye duka, mlango wako wa nakshi katikati, ukuta wa kaskazini upande wa kulia. Niliporudi huku nikaifungua kwenye kompyuta ya ofisi, nikaanza kunyoosha mistari nilivyofundishwa. Mlango ukakaa wima. Madirisha yakakaa. Nguzo ya stima iliyo kulia, kando ya nyumba, haikuhitaji hata kuguswa. Ukuta wa kaskazini ukakataa. Kila nilipoutazama ulikuwa umeegemea nje, tena tumbo limetoka pale chini ya ile ghorofa ya simiti uliyoongeza wakati Swaleh anaoa. Na chini ya dirisha palikuwa na ufa.

Nikajiambia ni kioo cha kamera kilichoupinda. Nusu yangu ilijua si kioo. Nikaushika ule upande peke yake nikauvuta mpaka ukasimama. Ufa nikaufuta, kama tunavyofuta waya za nguo na takataka kwenye picha za wateja. Nilitaka ufurahi. Miaka yote sijawahi kukuletea kitu ukasema kimefaa. Nikaisafisha kubwa, nikaitia fremu, nikakuletea. Na kweli ulifurahi. Uliitundika ukumbini, ukawa unaita wapita njia waje waone.

Wiki tatu zilizopita nilizungumza na wifi yangu, Mwanaisha, ambaye Swaleh amemwacha hapo kwako. Nilimpigia kwa mambo mengine, salamu tu. Akaniambia mlango wa chumba chake haufungi tena, na ule ufa sasa unaingia kidole mpaka kiungo cha pili. Alikuambia. Alikuomba uweke timazi tu, uangalie. Ulimshika mkono ukampeleka ukumbini, ukamwonyesha picha yangu, ukasema, "Umeona? Ukuta uko wima. Au macho yako yanajua kushinda kamera ya Nairobi?" Na mbele ya shangazi ukaongeza kwamba mwanamke aliyechoka na nyumba ya watu huitafutia ugonjwa.

"Picha yako imenishinda, wifi," akaniambia. Alikuwa anacheka. Afadhali angenitukana.

Hata hivyo nilinyamaza wiki mbili. Nilijiambia labda Mwanaisha anazidisha. Kisha Madam akatutaka kila mmoja alete picha ya nyumba anayoijua tangu utotoni, picha mbichi kama ilivyotoka kwenye kamera, na ile iliyokamilika kando yake. Ungedhani ningeleta nyingine. Nilileta yako. Nadhani nilitaka mtu mwingine aseme.

Walianza na kilichofaa, na hayo ni yako uyachukue. Walisema mlango ule ni kazi ya mtu mwenye subira. Msanifu mmoja alitaka kujua madaka ya ukumbini, vile vishubaka vya ukutani, yalipimwaje bila mashine. Walisifu mwanga ulivyolala kwenye chokaa. Nilikaa kimya kama sheria inavyosema, nikivimba kwa ajili yako.

Halafu Barasa akainuka akasogea mpaka karibu na ukuta mweupe, akaweka kidole. "Hii stima mbona imelala?" Hakuna aliyemwelewa. Akasema tena, "Angalia hii nguzo. Kwa ile picha mbichi imesimama sawa. Kwa hii ingine imepinda. Nguzo haiwezi pinda hivyo na waya ziko sawa." Akahamisha kidole taratibu kutoka kwenye nguzo hadi kwenye ukuta, akanigeukia. "Uliivuta. Ulivuta hiyo ukuta ikasimama, ikavuta na stima."

Mhandisi wetu aliyekuwa anakunywa chai akaweka kikombe, akaisogelea ile mbichi. Hakuzungumzia picha tena. Aliuliza ghorofa ya juu ni ya nini, nikamwangalia Madam, Madam akasema, "Sema, sheria imeondolewa." Nikasema ni simiti, imekaa juu ya kuta za mawe na chokaa. Akauliza chokaa ina umri gani. Nikasema ni ya babu. Akasema, "Huo ukuta unakwenda. Sijui ni lini. Mvua moja kubwa inatosha."

Madam akaniuliza nani analala nyuma yake. Nikasema wifi yangu na watoto wake watatu.

Hakunikaripia, Baba. Ningependa anikaripie. Alisema tu, "Basi hii si picha mbaya. Ni uongo, na kuna watu wanalala ndani yake." Nekesa alikuwa amerudi siku hiyo, amekaa kwenye kona. Ilipofika zamu yake ya kusema, alitazama ile picha, akasema, "Sina la kuongeza," akaenda kupika chai. Nilistahili teke, akanipa kikombe.

Hayo ndiyo maneno yao, sijapunguza. Sasa sikiliza la kwangu, ambalo limenikosesha raha tangu jana.

Barasa hajawahi kufika Mambrui. Aliitazama picha ile kwa dakika tano akaona nguzo imepinda. Wewe umeishi na nguzo ile miaka yote, unaegemeza baiskeli yako pale. Jicho lako liliona upana wa kidole kwenye ukuta wa Swaleh ukiwa umesimama barabarani. Na picha hii umeitazama kila siku tangu nilipokuletea, ukainywea kahawa. Uliiona, Baba. Uliona nimeudanganyia ukuta, na ukashukuru. Ndiyo maana timazi ulikataa kuiweka, maana timazi ingesema kile ambacho mimi niliogopa kusema na wewe uliogopa kusikia. Mwanaisha peke yake ndiye aliyesema kweli katika nyumba ile, na sisi wawili tukamfanya mwongo, mimi kwa kompyuta na wewe kwa mdomo.

Kazi yako ya ukuta ule ni mbovu. Kuweka simiti nzito juu ya chokaa ya babu ni kosa ambalo ungempiga teke fundi mwingine yeyote kwa kulifanya. Ulilifanya kwa sababu ulitaka watu wa Mambrui waone Athmani ana ghorofa. Haya nimeyasoma mara mbili na sifuti.

Cha kufanya ni hiki. Hamia chumba cha kusini leo, au nenda kwa shangazi. Usipite kwenye kichochoro cha kaskazini, na mwenye duka umwambie watu wasikae kivulini pale. Tafuta mafundi waitegemeze ghorofa kwa miti kabla ya kugusa kitu, kisha iteremshwe kipande kwa kipande kutoka juu. Mhandisi wetu amekubali kuzungumza na fundi yeyote utakayemchagua, na namba yake nimeiandika nyuma ya picha. Picha yenyewe ni ile mbichi, nimeisafisha dukani pale Adams Arcade kwa ukubwa uleule wa fremu yako. Ukuta umeegemea, ufa upo, nguzo imesimama. Sikugusa kitu.

Nisalimie shangazi, umwambie namwomba afute maneno aliyoyasikia juu ya Mwanaisha, na kama aliyapeleka kwa majirani, ayafuate. Nisalimie mwalimu wa madrasa, umwombe dua kwa ajili yetu sote. Nisalimie mwenye duka aliyenipa kiti siku ile ya kupiga picha. Swaleh nitampigia mwenyewe Lamu, na nitamwambia yote, pamoja na sehemu yangu.

Mwanaisha na watoto usiwape salamu zangu. Barua hii nimeiweka makusudi iende na basi la kesho, ili wao watangulie kutoka. Asubuhi, kabla haijakufikia, atakuwa amekuaga kwamba anakwenda Gongoni kumtazama mama yake siku mbili, na nadhani uliwapa watoto mkono, ukamwambia awahi kurudi akupikie. Harudi, Baba. Ni mimi niliyemwambia aende, na ni mimi niliyemwambia asikuage vizuri.

Wasalaam,
ni mimi binti yako,
Rukia