Lifti ya Kurudi Ujanani

Jumamosi, 1 Juni 1991

Sikukuu ya Madaraka. Mume wangu, Baba Awuor, hakwenda kazini reli, nikamvuta sinema. Alikataa, akakubali, akakataa tena mlangoni. Tukaingia!

Filamu yenyewe — wacha tu! Mzee anaingia kwenye lifti ya duka kubwa, lifti inakwama, mlango ukifunguka ni miaka thelathini nyuma. Anamkuta mkewe bado msichana, hamjui kabisa. Inabidi amtongoze upya! Wako kanisani, saa yake ya plastiki inalia pii-pii — msichana anadhani ni mdudu, anavua kiatu kumpiga. Nilicheka mpaka mama wa mbele akageuka. Halafu mzee akamwambia: mimi najua utazeekaje, ndiyo maana nimerudi. Hapo nikalia. Kwa nini wanachekesha mtu halafu wanamgeukia?

Baba Awuor: uongo mtupu, lifti inapanda na kushuka, hairudi nyuma. Lakini nilimwona akipangusa macho. Ati moshi wa sigara.

Jumapili, 2 Juni

Kwa kawaida mezani tunaongea chumvi na mafuta ya taa. Leo ghafla ameuliza: ningerudi mwaka ule aliponiposa, ningemkubali tena? Nilikuwa na mfupa wa samaki mdomoni — nikacheka! Si kumcheka yeye. Nilicheka tu. Akanawa mikono, akatoka.

Jumanne, 4 Juni

Amenuna. Hata chumvi hatuongei. Jirani yangu Dorca aliuliza kama tumefiwa. Nikamsimulia. Yawa, akasema, mwanamume akiuliza hivyo unameza kwanza, halafu unajibu.

Ningejibu nini? Nimewaza siku nzima kwenye cherehani. Nimeshona mkono wa blauzi ya mteja nje ndani.

Alhamisi, 6 Juni

Amelala kwa dada yake huko Nyamasaria. Ati paa la dada linavuja, analiziba. Nyumba kimya.

Jibu ni ndiyo. Na aliyeuliza yuko Nyamasaria juu ya paa!

Jumamosi, 8 Juni

Naandika haraka.

Hodi mlangoni. Baba Awuor! Anabisha hodi kwake mwenyewe! Suruali ya bell-bottom ya ujana wetu, kifungo hakifiki, mkanda ndio unaokoa heshima. Nywele amekata njia pembeni. Nikamwambia ingia. Akakataa.

"Habari, dada. Mimi naitwa Laban Obiero. Naulizia msichana anaitwa Metrine."

Metrine! Tangu Awuor azaliwe sijaitwa hilo jina nyumba hii.

"Baba yetu ni mkali," nikasema. "Ngoja nje."

Nikafunga mlango.

Bado amesimama. Wapangaji wote wametoka. Mmoja akamwuliza, mzee, umefungiwa? Akajibu kwa sauti, "Hapana. Nimekuja kuposa!" Dorca anapiga vigelegele kabla hata sijajibiwa — aii, kabla sijajibu! Mvua imeanza, ile nzito ya kutoka ziwani, na haondoki. Mimi nimemwaga sanduku zima kitandani, hereni moja sikioni, nyingine siioni —

Anabisha tena. Polepole.

Ngoja, Laban. Ngoja kidogo tu —