Mama wa Kwenye Uzio

Kwa shemeji yangu,

Sisi huku tunasukuma siku. Paa limezibwa, na paka amezaa tena nyuma ya friji.

Jana nilikwenda kliniki ya macho. Kando yangu kwenye benchi aliketi mzee mmoja, nikamjua kwa matege yake. Alikuwa Kiberiti, winga wetu wa kushoto enzi zile, yule aliyekuwa akimwacha beki chini anatafuta mpira ulikopita. Nikamkumbusha lile bao la kisigino siku ya mvua.

"Hilo sikumbuki," akasema. "Namkumbuka mama mmoja pale kwenye uzio, sauti kama filimbi. Nikigusa mpira tu: 'Toa pasi, mchoyo we!' Mwishowe nikawa natoa pasi kwa kumwogopa yeye, si kocha."

Nikamwambia huyo ni mke wangu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hajambo lakini?"

Shemeji, tangu tumzike dada yako sijatoa chozi, na najua watu wananisema. Hata hapo halikutoka.

"Hajambo," nikajibu. "Yuko nyumbani."

"Basi mwambie Kiberiti anamsalimu sana."

Nesi akamwita, akaenda zake akipapasa ukuta.

Nilipofika nyumbani nilisimama mlangoni mwa chumba chetu, nikazitoa zile salamu kwa sauti, kama nilivyoagizwa. Kisha nikavua viatu, nikalala upande wangu wa kitanda.

Wabusu watoto.

Ni mimi, shemeji yako.