Silva Siyo Zinki

Mkiwa,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, popote alipo hapo uani. Selina mdogo wangu, wewe unayemsomea Baba, marahaba kabla hujaniamkia, maana nakujua. Poleni na mavuno ya alizeti; nimesikia ndege wa Kinyangiri safari hii wamevuna pamoja nanyi. Sisi huku Mkiwa tu wazima, karakana inakwenda, ila upepo unatutilia vumbi hadi kwenye chai.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Baba, kwenye simu unanikatiza. Nikigusa jambo usilolipenda, mtandao unakuwa mbaya ghafla. Barua haina mtandao, na Selina ana amri yangu ya kuisoma mpaka mwisho.

Jumanne alikuja Mama Witness, mwenyekiti wa kile kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti kule Sepuka. Alisema ule mnara wa tenki la maji uliowajengea unalia. Upepo ukivuma unatoa sauti kama kitanda kibovu. Nilipanda pikipiki na Naftali, yule msaidizi wako wa karakana, tukaenda kuuona.

Mabomba ya miguu yake bado meupe kama siku ulipoyanunua. Lakini kwenye kila kiungo ulichochomelea kulikuwa na pete pana ya kutu, imejificha chini ya rangi ya silva. Nilipoiparua kwa bisibisi, ilitoka na maganda ya chuma. Kwenye mguu mmoja bisibisi ilizama ndani. Juu tenki limejaa, chini akina mama wamekalia ndoo zao wakingoja zamu, wengine wananyonyesha, wanacheka. Niliwaomba watoke pale chini na maji yote yamwagwe. Walinisema vibaya, maana maji ya Sepuka si ya kumwaga, lakini Mama Witness alipoiona bisibisi imesimama yenyewe ndani ya chuma, alifungua koki kwa mkono wake.

Kurudi, mimi na Naftali tuligombana njia nzima. Unajua anavyokupenda, ungemwambia achomelee mkia wa ng'ombe, angewasha mashine. Alisema tupige viraka, tupake silva mpya, jina la Mzee libaki pale lilipo. Nilimjibu kwamba silva siyo zinki, silva ni poda tu. Maneno hayo si yangu, ni yako. Ni wewe uliyenifundisha kwamba bomba jeupe limevaa koti la zinki linalolikinga na kutu. Ulisema tusugue koti hilo pale tunapounga tu, moto uwe mdogo na mkono usikawie, maana moto mkubwa unaliunguza hata mahali ambapo hatujagusa. Kiungo kikipoa kisafishwe, kipakwe rangi ya zinki yenyewe, ndipo silva ije kama mtu anataka urembo. Siku nilipozidisha moto kwenye geti la kanisa, ulininyang'anya kishikio cha rodi mbele ya mchungaji. Nilikununia wiki nzima.

Ndiyo maana nilikasirika. Niliwaza, mtu aliyenigombeza vile amewezaje kuunguza kila kiungo? Nilidhani ulikuwa na haraka. Unisamehe Baba, nilidhani hata kwamba uliwadharau kwa kuwa ni wanawake. Nikambana Naftali aniambie ilivyokuwa. Alisema kwamba mwaka ule wa mwisho kabla hujarudi Kinyangiri, ulikuwa unazungusha kitufe cha moto mpaka kinagota, kwa kila kazi. Siku moja alikuuliza sababu, ukamjibu kwamba unataka kuona chuma kinavyoyeyuka.

Neno hilo la kuona lilinikalisha chini. Nilikumbuka ulivyotoa kioo cheusi kwenye kinyago chako ukaweka kingine kinachopitisha mwanga zaidi. Nilikumbuka zile homa zako za jioni, kila tukikupeleka kupima malaria haionekani, kumbe ni moshi mweupe wa zinki iliyokuwa ikiungua mbele ya pua yako. Kisha nilipokuwa natafuta rodi, niliikuta miwani yako ndani ya kopo. Ile uliyosema imevunjika. Ni nzima, Baba, haina hata mkwaruzo; ni macho yako yaliyokuwa yameishinda.

Sasa Selina, usiruke neno. Baba, ulikuwa huoni. Moto ule mkubwa ulikuwa taa yako. Ulituambia unarudi nyumbani kwa sababu ya mgongo, tukaamini, na wewe ulikuwa unaogopa tu kuambiwa ukae kando kwa sababu ya macho. Mama, kama unalisikia leo kwa mara ya kwanza, usimfokee. Mshike mkono. Mimi nimeshalia, nikanawa uso nikarudi kazini.

Mnara tumeukata. Nilisimama mbele ya kikundi kizima nikasema kosa ni la karakana yetu na tutajenga upya. Naftali alinuna, lakini kesho yake yeye ndiye aliyewasha mashine wa kwanza, moto mdogo. Jana upepo ulivuma kutwa na mnara mpya haukulia.

Lakini mwaka ule hukujenga mnara wa Sepuka peke yake. Mingine uliichomelea bila Naftali, na chini ya kila mmoja kuna watu na ndoo zao. Njia za kwenda huko unazijua wewe tu. Kwa hiyo Alhamisi nakuja kukuchukua, na sitaki kusikia habari ya mgongo. Tutaanzia hospitali, wakuangalie macho, kisha tutazunguka kila ulikopita mpaka uniambie imekwisha.

Kuchomelea hutachomelea tena, nakuambia waziwazi. Utakaa kando yangu usikilize. Ulinifundisha kwamba moto ulio sawa unakaanga taratibu, kama kitunguu kwenye mafuta ya alizeti, na uliozidi unanguruma. Masikio yako hayana ugonjwa. Ukisikia nimezidisha, ninyang'anye kishikio, hata kama mchungaji yupo.

Nisalimieni majirani wote, na Mama aniwekee mlenda. Mungu awalinde hadi nifike.

Ni mimi binti yako, na fundi wako,
Jenifa