Cheti cha Dakika Sita

Rexdale, Toronto
3 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Shamil,

Ya Ali Madad. U mzima? Mkeo Haruka na mtoto hawajambo? Mimi nipo, magoti tu yananisumbua kwa baridi hii isiyotaka kuondoka. Mama naye hajambo ya kusema tu, nitafika huko.

Picha yako uliyopiga kazini tumeipata. Makubwa! Kofia, glavu nyeupe, na kidole umekinyoosha kwenye reli tupu, eti ndivyo mnavyokagua njia huko. Mwanangu Kumail akaniuliza, kwa Kiingereza chake kama kawaida, unamwonyesha nani. Nikamjibu, mjomba wako anaiambia reli kwamba ipo.

Nami hicho kituo chako cha treni nilikiona nilipokuja kwenu mwaka jana, usinidanganye. Njia mbili, choo kimoja, mashine ya kahawa ya kopo, na spika inayoimba kama ndege wa mtini ili vipofu wajue ngazi iko wapi. Treni zenyewe kazi yao ni kupeleka makarani mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. Eti hicho ndicho kituo kitakachoanguka ukichukua likizo ya wiki mbili! Hebu niondolee upuuzi.

Unaikumbuka siku ile treni ilipochelewa dakika sita? Ulivua kofia ukawainamia watu usiowajua, mmoja mmoja, mpaka nikaona haya kwa niaba yako. Halafu ukaanza kugawa vile vyeti vya kuchelewa, wakaonyeshe makazini mwao kwamba kosa si lao. Kikaratasi chenyewe kina namba za dakika pembeni, kumi mpaka sitini, na wewe na kikoleo chako unatoboa penye kumi, maana sita haimo. Ukanipa na mimi, dada yako, sina kazi wala haraka! Na uso umeukunja kama uko msibani.

Huku mabasi yakichelewa tunasonya, tunapanda, yamekwisha.

Sasa sikia habari ya Mama. Vali ya moyo wake imechoka. Daktari alimpangia upasuaji Februari, Mama akagoma kusaini fomu. Anasema halali kwenye meza ile kabla hajakuona. Tarehe mpya ni 12 Mei, na daktari alinivuta pembeni akaniambia moyo ule hautasubiri tarehe ya tatu. Nimembembeleza, nimemfokea. Dada yetu Minaz amelia mbele yake. Wapi! Jibu ni lilelile: "Shamil ana kazi nyingi, atakuja."

Miaka kumi na moja hujaja kumwona, Shamil! Kila Navroz, mwaka mpya wetu, unampigia simu, "mwakani, Mama," naye anakata simu anatabasamu. Samahani za wageni unazo tele mfukoni, za mama yako ziko wapi? Kwa hilo nakudharau, na nakwambia waziwazi kwa sababu wenzangu wote wanakudekeza.

Jana nilikikuta kile cheti kwenye mkoba nikampa Mama, nikidhani atacheka. Akavaa miwani, akataka nimweleze zile namba ni za nini. Nikamweleza. Akauliza, "Zinaishia dakika sitini tu? Za miaka ziko wapi?" Nikamwambia hazipo. Basi akachukua sindano yake ya kufumia akazitoboa zote zilizobaki, moja moja. Nilitaka kumsaidia, akakataa.

Minaz anakusalimu sana, na Kumail pia, japo salamu zake ni "hi" basi. Mbusu mtoto, mpe Haruka pole kwa kuishi na wewe. Mungu akulinde na akulainishe huo moyo.

Cheti kimo humu ndani ya bahasha. Mimi nilitaka kukichana. Mama amekataa, amesema umwonyeshe mkubwa wako wa kazi, ajue kwamba kosa si lako.

Akupendaye hata anapokutukana,
Dada yako,
Zeena