Kufuli la Mzee Athumani

Gitega, Jumatano, Novemba 1991

Mvua imeanza alfajiri na sasa ni saa kumi na moja jioni, bado inapiga bati la duka. Nimefunga mapema. Leo sitaki uso wa mtu. Nakuandikia wewe, daftari, kwa sababu wewe hucheki.

Wamemrudisha Yahaya gerezani.

Yahaya ni mtoto wa dada yangu Mariamu, yule wa Kabuga. Nasema mtoto, lakini ni mtu wa miaka thelathini na moja, kipara kimeshaanza. Amefungwa mara mbili kwa wizi. Hii ya pili alitoka miezi minne iliyopita, kwa ule mpango mpya wa serikali. Mfungwa aliyemaliza nusu ya kifungo na kujifunza kazi huko ndani anatolewa kwa barua, ila lazima apate mdhamini, mtu wa ukoo mwenye kazi yake. Kila Jumatatu anakwenda kusaini daftari kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa. Akishukiwa wizi tena, barua inachanwa, anarudi kumaliza miaka iliyobaki. Hakuna kesi, hakuna hakimu.

Afisa aliyetusomea masharti alisema gereza limechoka kupokea sura zilezile. Wanataka mtu akitoka asahau njia ya kurudi. Nilipenda maneno hayo. Nikasimama mbele ya wadhamini wote nikasema, "Niachieni huyu mimi! Mimi niliyeshona koti la waziri kwa nusu saa, umeme umekatika!"

Haya. Hakuwa waziri. Alikuwa dereva wake, na ilikuwa suruali, nilipunguza tu miguu.

Leo naandika kweli. Mkono unagoma, haujazoea.

Kweli ya kwanza: Yahaya ni mwizi mbovu kuliko wote niliowahi kusikia. Mara ya kwanza aliiba baiskeli yenye pancha, wakamkamata akiisukuma kupanda mlima. Mara ya pili alibeba gunia la maharage lenye tundu, wenyewe wakafuata maharage mpaka mlangoni kwake. Kumkamata mtu wa hivyo serikali haikuhitaji hata mbwa.

Kweli ya pili: anashona kuliko mimi. Alijifunzia huko ndani, kushona nguo za wafungwa wenzake. Kola yake inakaa kama imepigwa pasi kabla ya pasi. Mimi nina miaka ishirini na mbili kwenye cherehani na kola zangu bado zinainama upande. Hilo sijamwambia yeye wala mtu mwingine.

Basi mwanzoni wateja walimwogopa. Walikuja na vitambaa, wakamwona amekaa pale dirishani, wakakumbuka wameacha sufuria motoni. Mama Zubeda alichukua kitenge chake kilichokuwa tayari kimekatwa. Nilipata aibu. Na mimi aibu siwezi kuibeba, tangu utoto nikipewa aibu naigeuza hadithi.

Nikaanza kidogo kidogo. Nikawaambia, "Mnamwona huyu? Huyu si mwizi wa kuku, sha! Huyu akiwa gerezani alifungua kufuli la ofisi ya mkuu kwa sindano ya cherehani, akaingia, akanywa chai ya mkuu, akatoka, akafunga tena!" Watu wakacheka. Siku ya pili makufuli yakawa matatu. Mwisho wa mwezi Yahaya alikuwa hana haja hata ya sindano ndefu, fupi ilimtosha, na macho amefumba.

Wateja wakarudi. Wakaleta na jirani zao. Walikuja kumtazama vidole.

Yeye alikuwa anainamisha kichwa. Siku moja tu aliniambia, "Mjomba, hiyo ya sindano iache." Nikamjibu, "Nyamaza, nakujengea jina." Na Mzee Athumani, mwenye duka la vitenge mkabala na sisi, aliponiuliza kama ni kweli, niliapa. Nilisema wallahi. Nilikuwa nimetoka kuswali adhuhuri, miguu bado ina maji.

Juzi duka la Mzee Athumani liliibiwa. Redio na majora manne ya vitenge. Kufuli lilikutwa chini, limefunguka, zima, halina mkwaruzo.

Unaona, daftari.

Leo asubuhi saa mbili akaja konseye, mkuu wa sekta yetu, na askari wawili, jandarume. Yahaya alikuwa anashona shati la shule la mtoto wa Mama Zubeda. Hawakumpiga. Tangu vita ianze huko kaskazini jandarume hawana hata muda wa kupiga, wana vizuizi kila njia panda. Walimwambia simama, akasimama. Aliinua kwanza mguu wa cherehani, akatoa shati, akalikunja. Halafu ndipo akanyoosha mikono.

Wakapekua duka langu lote. Hawakukuta redio wala uzi usio wangu. Walikuta pakiti ya sindano.

Sindano kwa fundi! Jandarume aliishika kwa vidole viwili kama ameshika nyoka.

Nilikwenda nao mpaka ofisi ya konseye, mvua yote hiyo, bila kofia. Watu walijaa mlangoni. Nikasema mbele yao, "Bwana konseye, nilidanganya. Hakuna kufuli alilowahi kufungua. Niliitunga yote mimi, kwa mdomo wangu huu."

Sijawahi kusema maneno mazito hivyo maisha yangu.

Walicheka. Walicheka kama wanavyocheka dukani. Mmoja akapaza sauti nyuma, "Fundi Saidi, leo umekuja na ipi?" Mwingine akasema, "Mwacheni aendelee, atafika kwenye chai ya mkuu!"

Konseye hakucheka. Alisema, "Mzee, palipokuwa hakuna shida ulisema anafungua. Sasa shida imekuja unasema hafungui. Nichukue lipi?"

Nikamgeukia Mzee Athumani, aliyekuwa amekuja kushtaki. Mwezi uliopita, nikimpima kanzu, aliniambia mwenyewe kwamba kufuli lile lina funguo mbili na moja imempotea sokoni, na mke wake asijue. Nikalisema hilo. Uso wake ukabadilika. Mke wake alikuwa amesimama palepale, mwavuli mkononi.

"Nilikuambia lini?" akaniuliza. "Wewe Saidi, uliniapia wallahi kuhusu huyu. Na leo uape tena? Apa basi!"

Nikaapa. Hakuna aliyeinua hata nyusi.

Ikabaki moja. Nikasema, leteni kufuli, mpeni sindano, ajaribu mbele yenu. Konseye akatoa kufuli la droo yake. Yahaya akapewa sindano kutoka ile pakiti yangu. Aliingiza, akazungusha, ikakatika, kipande kikamchoma dole gumba, damu ikatoka. Nikafurahi. Nisamehe, Mola, niliiona damu ya mtoto wa dada yangu nikafurahi. Nikapiga kelele, "Mmeona?"

Jandarume mkubwa akasema polepole, kwa upole kabisa, "Mzee, mwizi hodari anajua na kushindwa."

Na watu wakaitikia, eeh, eeh. Hata mimi ningeitikia. Ni jibu ambalo ningelitunga mimi.

Nilitaka kuendelea kusema. Yahaya akanitazama, dole gumba mdomoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaniua. Alisema, "Wacha, Mjomba. Hiyo uliishona vizuri, haifumuki."

Konseye akaichana barua mara mbili, vipande akavitia kwenye bahasha, kwa sababu bahasha lazima irudi ilikotoka. Imebaki miaka mitatu na nusu. Miezi minne yote alisaini kila Jumatatu, hakukosa hata moja, hata ile Jumatatu aliyokuwa na malaria nikamshika mkono njia nzima. Hakuna aliyeuliza daftari la komini. Mimi pia nilisahau kulitaja. Nalikumbuka sasa hivi, mlango umefungwa.

Nililetewa mtu aliyekuwa ameacha. Alikuwa ameacha kweli. Nikamrudisha kwenye wizi kwa mdomo, kufuli kwa kufuli, mbele ya wateja.

Nimejaribu kumaliza lile shati la shule. Ilibaki nusu ya kola. Ukiligeuza unaona wazi mahali alipoishia yeye na mahali nilipoanzia mimi. Nimefumua mara mbili. Kesho Mama Zubeda atalichukua hivyohivyo, na akiuliza, nitamwambia upande ulionyooka ni wa Yahaya. Nilipaswa kumwambia hivyo siku ile aliyochukua kitenge chake.

Lakini kabla ya hapo kuna Mariamu. Bado hajui. Alikuwa aje Jumamosi na ndizi, kumtazama mwanawe akifanya kazi. Asubuhi nitapanda basi la kwanza la Kabuga, nifike kabla ya maneno ya watu. Nitakaa chini, sitaongeza jandarume hata mmoja, sitatia chumvi hata punje. Nitamwambia mwanao hakuiba kitu, mimi ndiye niliyemfunga.

Dada yangu ananisikia tangu nikiwa na meno ya maziwa, na tangu hapo anacheka nikifungua mdomo.

Nitamwambia kweli tupu. Ataitambuaje?