Hata kwa Bure

Kariakoo, Machi 1934

Kaka Azzan, shikamoo.

Sisi wazima, na paa tumeliezeka upya. Mwenye duka jirani humtuma karani wake kila mwezi atuonjeshe samaki waliokaangwa kwa mafuta mbalimbali, aone kama tutabadilika. Mwanzo nilichagua ya nazi. Akapunguza bei ya ufuta, nikachagua ya nazi. Jana kaleta debe zima la ufuta.

“Bibi Mauza, hata kwa bure?”

“Hata kwa bure.”

Barua yako ya tatu kuhusu yule anayeniposa nayo imefika, na mahari yameongezwa tena. Kaka, mtu huyo sikumtaka kwa mahari madogo, na kwa makubwa simtaki. Pete yake nimeirudisha mwenyewe, mchana, watu wakiona.

Usiandike ya nne. Njoo ule samaki. Mafuta unayajua.

Mdogo wako,
Mauza