Samaki Wako na Kaka Yako

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na leo hata hilo linaniudhi.

Jana tulisoma arobaini yako. Watu walikuwa wengi na wali ulitosha. Kibanda chako sokoni nimekishika mimi tangu tukuzike. Siku hizi pande zote mbili wanauza mitumba, na kila jirani ana redio yake ya kaseti, kwa hiyo hata bei ya papa mkavu naitaja kwa kelele. Wateja wako wanaulizia hadithi zako kuliko samaki. Yule mzee wa Mwankoko alitaka kujua kama bunju, akishajivimbisha kama mpira na adui akaondoka, anabaki hivyo hivyo. Nikamwambia anayatema maji aliyoyameza, anarudi alivyokuwa.

"Muongo kama baba yako," akasema, akanunua samaki ng'onda, akaenda zake anacheka.

Hukuwa muongo. Nilikuhakiki shuleni, samaki mmoja baada ya mwingine. Ni kweli farasi wa baharini dume ndiye anayebeba mimba na kuzaa. Ni kweli wapo pono ambao kabla ya kulala hujifunika ute mwili mzima, kama mtu aliye ndani ya chandarua. Na kweli pono huguguna matumbawe, kisha akinya unatoka mchanga mweupe. Ulisema watu wa kwenu pwani wanatandika mikeka juu ya mavi ya samaki na kusifia upepo. Chewa naye huanza maisha akiwa jike, akishakua anaweza kugeuka dume. Mwalimu wa baiolojia aliniuliza nimeyajulia wapi haya katika mji usio na bahari. Nikamjibu, nyumbani.

Nilipochaguliwa chuo kusomea viumbe wa baharini, nilikukuta unafungua furushi la papa. Ukafuta mikono, ukasema, "Utakwenda. Kibandani nitakaa mwenyewe." Mama alikuwa kwao Unyambwa, anavuna uwele. Nikakuomba umwambie Baba Mkubwa. "Ngoja nipate nafasi nzuri." Ukaipata Idi, ukaipata kwenye harusi ya binti yake, ukaipata wiki nzima aliyolala kwetu. Kila mara ulitazama mkeka. Ni kaka yako na ndiye aliyekulea, najua. Lakini Baba, lilikuwa neno moja tu.

Jana, baada ya dua, ukoo ulikaa kikao. Baba Mkubwa akasema kibanda kigeuzwe cha mitumba, nami nikiendeshe. "Soko ni huria sasa, serikali haimbebi mtu. Na huko kusomea samaki, Singida kuna bahari gani?"

Nikasema wewe uliniruhusu.

"Mbele ya nani?"

Mbele yangu.

Shangazi akauliza kama nami nikishakaa na hao chewa nitarudi dume. Wakacheka wote. Nilijaribu kueleza, machozi yakatangulia, nikaonekana mtoto anayedeka.

Ndipo sauti ya Mama ikatoka chumbani, nyuma ya pazia, humo anamokaa eda. "Shemeji, marehemu alisema. Mimi nilikuwepo."

Nani atamwita muongo mjane aliye edani? Baba Mkubwa akasema, "Kama ni kauli ya marehemu, basi." Wakaitikia, wakaomba chai.

Mama hakuwepo. Wewe unajua hakuwepo. Mwanamke anayekataa hata kumsifia jirani chakula ambacho hajakionja amesema uongo ndani ya eda yako, kwa sababu wewe uliona haya kusema ukweli. Nilimfuata chumbani. Alikuwa ameshika tasbihi, haivuti.

"Usiniulize kitu," akasema. "Kafunge begi lako."

Nimekasirika, Baba. Nakuombea kila baada ya swala, na ninainuka bado nimekasirika. Halafu namkumbuka yule samaki anayejigandisha chini ya tumbo la papa akasafiri naye bure. Sikuwahi kukuuliza kwenu mnamwitaje, nami sijui sasa nimuulize nani, na hasira inaanza upya.

Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Shukrani zangu zisubiri, leo sina. Nitakwenda chuo, hilo nakuahidi. Na nakuahidi jingine ambalo wewe hukuliweza: kuanzia sasa, neno lolote zito la maisha yangu nitalisema kwa sauti, Mama akiwepo.

Mwanao,
Zuhura